Mtoto Aliyenadiwa Mwaloni

Jirani yangu Rhobi alikuwa na mtoto mmoja tu, Nyangi, wa mwaka mmoja na kidogo. Alimpata baada ya mimba kuharibika na kuharibika. Kila mwezi alimpelekaga kliniki kupimwa uzito na urefu, akirudi anajisifu kijiji kizima kama aliyepewa ng'ombe. Mimi nilisoma mpaka la saba, ila kujua mtoto anakua sihitaji mzani. Namwinua, natosheka.

Mwezi ule mzani wa zahanati uliharibika. Rhobi akanuna. Mumewe Magige, mnunuzi wa sangara na mtu wa masihara yasiyo na breki, akasema, "Kwani mimi sina mzani?" Akamfunga mtoto kwenye khanga, akamtundika kwenye ndoano ya mzani pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, watu wakiwa wamejaa mnadani. Nilikuwepo, nimefuata kitoweo.

"Kilo tisa!" akapaza sauti kama wanavyonadi samaki. "Mbichi huyu, hajaona barafu! Nani anachukua?"

Watu wakacheka. Rhobi naye akacheka.

"Nachukua mimi," akajibu mwanamke.

Sauti ilitoka upande wa maji. Tukageuka. Hakuna mtumbwi. Hakuna mtu.

"Mshushe mtoto, mpumbavu wewe," nikamwambia Magige. "Sema huuzi."

"Bibi naye! Si utani tu?"

Kwetu, kitu kikinadiwa mwaloni na mtu akakiitikia, kimeuzwa. Hilo hata mlevi analijua.

Mwezi uliofuata mzani wa zahanati ulikuwa umetengenezwa. Nesi Naomi akampima Nyangi. Kilo sita. Na mtoto mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo, urefu umeongezeka! Naomi akaleta mzani mwingine. Sita. Akampakata mwenyewe, kisha akamrudisha haraka kwa mama yake.

"Mama Nyangi," akanong'ona, "huyu anakula?"

"Anakula kunishinda mimi."

Mwezi mwingine, tatu. Na mtoto anazidi kunenepa. Ukimbeba ni kama umebeba nguo iliyoanuliwa. Upepo wa ziwa ukivuma, Rhobi alimfungaga mguu kwenye kitanda. Padri akaja, akaomba, akanyunyiza maji ya baraka. Sisemi Mungu hakusikia. Nasema haikusaidia.

Mwishowe Magige akaja kwangu, masihara yamemwisha. Tukaenda mwaloni mchana, jua kali, watu wametawanyika. Akaingia majini mpaka magotini.

"Siuzi!" akalia. "Mtoto wangu siuzi!"

Ziwa likatulia. Hata ndege wakanyamaza. Halafu sauti ile, ya chini, karibu, kama ya mtu aliyesimama kati yetu wawili:

"Ameshapimwa."

Siku ya kliniki Rhobi akambeba Nyangi mgongoni, nikamsindikiza. Njia nzima mtoto alikuwa anacheka. Tulipoiona zahanati, kicheko kikakoma.

"Amelala," akasema Rhobi.

Nikautazama mgongo wake. Khanga imefungwa barabara. Imevimba umbo la mtoto, kichwa na makalio. Naomi akaja, akafungua fundo.

Khanga ikaanguka chini, imelowa chepechepe. Ndani hamna mtu.

Hatukuzika. Tungezika nini? Magige alihamia Bunda, na nasikia samaki hataki hata kumnusa. Rhobi alibaki. Nilimwambia aondoke, akanitazama kama mimi ndiye mwendawazimu.

Maana kila siku ya kliniki, asubuhi, ukutani kwake nje panakuwa na alama ya kiganja, ya maji. Jua linaiwakia mchana kutwa, haikauki. Rhobi anaipima kwa shubiri kutoka chini, anakuja mbio kwangu.

"Bibi, amekua!"

Nakwenda kutazama. Kiganja ni kilekile, cha mtoto wa mwaka mmoja, hakijaongezeka hata ukucha.

Lakini juzi, pale ukutani, kilikuwa juu kupita kichwa changu.