Tamir ya Bibi Uulkan

Kila vuli, wakitoka shule, Meerim na mdogo wake Burul hupitia kwenye bustani ya bibi yao, Uulkan, kumsaidia kung'oa karoti kabla theluji haijaanguka. Siku hiyo jua lilikuwa kali na bibi alikuwa ameinama tangu asubuhi.

"Bibi, umekula?" Meerim aliuliza.

"Nitakula tukimaliza."

Punde si punde bibi akayumba, akaanguka kitako, uso umempauka. Meerim alimpigia simu nesi wa kijiji, akaweka spika.

"Dada Gulzat, bibi ameshikwa na kizunguzungu!"

"Mlaze, umwinue miguu. Kisha shika tamir yake uniambie ikoje. Umeelewa?"

Meerim hakuelewa. Katika lugha yao, tamir aliyofundishwa shuleni ni mzizi wa mmea. Lakini yeye ndiye aliyeongoza darasa lao, akaona haya kuuliza.

"Nimeelewa," akajibu. Alimlaza bibi, akamwinua miguu juu ya gunia, halafu akachomoa karoti nene kwenye ndoo ya bibi.

"Nimeshika, dada."

"Ikoje?"

"Nene. Ina udongo."

"Udongo? Inadunda?"

"Haidundi hata kidogo!"

"Mungu wangu! Bibi anapumua?"

"Anapumua. Anasema nirudishe karoti yake."

"Karoti gani tena?"

Wakati huo Burul alikuwa amekwisha kutimua mbio. Yeye naye alisikia "tamir", akamfuata jirani, Bibi Sairakan, shoga wa bibi tangu utotoni. Wazee hao wawili huitana "tamir wangu".

"Nimemleta!" alipiga kelele. Nyuma yake Bibi Sairakan alikuja akihema, chupa ya chai mkononi na mkate kwapani.

Alipiga magoti, akavichukua vidole vya Meerim na kuviweka kwenye kifundo cha mkono wa bibi. "Hapa. Unasikia mshipa?"

Du, du, du.

"Inadunda!" Meerim alipaza sauti kwenye simu, machozi na kicheko vikimtoka pamoja.

"Na wewe, kichwa kigumu," Bibi Sairakan alimwambia shoga yake, "karoti zitakuzika! Kunywa chai."

Nesi Gulzat alipofika na mkoba wake, bibi alikuwa ameketi, anatafuna mkate. Ilikuwa njaa, kiu na jua tu. Nesi aliposimuliwa yote, alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akamgeukia Meerim.

"Mzizi ni tamir, mshipa ni tamir, na rafiki wa kufa na kuzikana ni tamir. Kutojua si kosa, mdogo wangu. Kosa ni kusema umeelewa wakati hujaelewa. Mgonjwa anaweza kupoteza maisha kwa jibu kama hilo. Siku nyingine niulize, hata mara kumi."

"Ndiyo, dada."

Nesi akaanza kumfunga bibi kitambaa cha kipimo mkononi. "Napima shinikizo la damu," alisema. "Umeelewa?"

Meerim alifungua kinywa, akasita, kisha akatabasamu.

"Hapana, dada. Shinikizo ni nini?"

Gulzat akasogea, akampa nafasi ya kukaa kando yake.