Kola ya Binti wa Malkia

"Vuta pumzi, mwanangu. Ndani kabisa," alisema fundi cherehani, pini zikiwa zimebanwa midomoni mwake.

"Shingoni panabana, fundi."

"Panabana? Nimekuachia nafasi ya vidole viwili! Kama unataka hewa zaidi ya hiyo, siku ya harusi jifunge shuka."

Mama mkwe mtarajiwa, aliyeketi kwenye benchi na mkoba mapajani, aliangua kicheko.

"Mbane tu, fundi. Huyu akipata upenyo, tutamtafuta porini."

Bibi harusi hakucheka. Maneno yale, vidole viwili, yalimchoma. Ndicho kipimo alichokitumia yeye mwenyewe alipomvisha fisi mchanga aitwaye Binti kola ya redio, ule mkanda wa shingoni unaorusha mawimbi ili mnyama afuatiliwe. Alikuwa mtafiti wa fisi, kazi iliyomfanya mtaa mzima umwite Bibi Fisi, naye alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea cheo. Katika kundi alilolifuatilia tangu alipomaliza chuo, jike mkubwa ndiye aliyetawala, na Binti ndiye mrithi wake. Hakuna aliyewahi kumfuata mrithi wa namna hiyo tangu utoto hadi utawala. Yeye alitaka awe wa kwanza, na jina lake lisimame juu ya kazi hiyo.

Daktari wa wanyama alimwonya: "Huyu bado anakua. Kola haikui."

Naye alijibu: "Nitarudi kuilegeza kabla ya mvua. Nakuahidi."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na yeye yuko mjini anapimwa gauni.

"Mama, simu yangu imeshatengenezwa?"

"Si iko dukani kwa mwenzio? Alisema pale pa kuchajia palikufa, akampa fundi wa simu jirani yake. Tulia, mwanangu. Fisi hawana haraka, wenye haraka ni wageni."

Kutoka kwa fundi alikwenda moja kwa moja duka la dawa. Mchumba wake, mfamasia, alikuwa amevaa koti lake jeupe, anamweleza mzee mmoja namna ya kunywa vidonge. Alimpenda anapokuwa hivyo, akirudia maelekezo kwa upole mpaka mgonjwa aelewe. Mtu huyu aliwahi kuendesha gari katika matope hadi kambini kumletea dawa ya malaria, kisha akalala garini kwa kuogopa kelele za fisi. Ndiyo siku aliyokubali kuolewa naye.

"Imepona," alisema mfamasia, akimkabidhi simu.

"Kuna ujumbe wowote kutoka kambini?"

"Hakuna."

"Dereva hajapiga?"

"Kimya. Wangekuwa na shida, si wangekutafuta?"

Alipiga. Namba haikupatikana, wala hilo halikuwa jambo geni. Kule kambini, anayetaka mtandao hupanda kilima.

"Nataka niende kesho nikamwangalie Binti, halafu nirudi."

"Kesho wazee wa pande zote mbili wanakutana. Tuwaambie nini? Kwamba bibi harusi amekwenda kumjulia hali fisi?"

"Usinitanie."

"Sikutanii." Alimshika mkono juu ya kaunta, mbele ya wateja. "Kila nikikuhitaji, uko porini. Nipe wiki hii moja tu, mpenzi. Baada ya hapo nitakupeleka mwenyewe."

Akampa wiki hiyo. Nani angemnyima?

Ilibaki siku moja kabla ya harusi. Nyumbani kwa Shangazi, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, viti vya kukodi vilikuwa vimejaa uani na wanawake walikuwa wakipanga sahani. Hodi ikabishwa. Alikuwa Dereva wa kambi, vumbi mpaka kwenye kope, na gunia mkononi.

"Karibu, Dereva!" alisema Shangazi. "Umewahi kuliko hata bwana harusi. Njaa hiyo?"

Dereva, mtu aliyekuwa na mzaha hata gari linapopasuka tairi, hakutabasamu.

"Shikamoo, Shangazi. Nimemletea bosi kitu chake."

Alikiweka mezani. Ilikuwa kola. Upande wa ndani ulikuwa umegandamana na manyoya na damu iliyokauka.

"Binti?" aliuliza bibi harusi kwa sauti ya chini.

"Tulimkuta jana kando ya korongo, ameshakufa. Shingo ilikuwa imevimba, dada, mkanda umezama ndani ya nyama. Mama yake alikuwa amelala pembeni yake. Ilibidi tupige honi ndipo aondoke."

"Mbona hukuniambia mapema?"

Dereva alimtazama kama mtu aliyezabwa kofi.

"Dada, usinifanyie hivyo. Nilipanda kile kilima. Nilipiga, hukupokea. Nikaandika. Ukanijibu."

"Mimi sijakujibu."

"Soma basi."

Alimpa simu yake. Ujumbe wake Dereva ulikuwa hivi:

*Bosi, kola inamkaba Binti. Anakohoa, hawezi kumeza. Daktari yuko tayari lakini hampigi sindano ya usingizi bila amri yako, ndivyo kibali kinavyosema. Tufanyeje?*

Chini yake lilikuwapo jibu, kutoka namba ya bibi harusi:

*Nimekuelewa. Huyo fisi msimguse mpaka nirudi baada ya harusi. Usinipigie, nina wageni.*

Alilisoma jibu lile pole pole, kama anayesoma tangazo la kifo chake.

"Huyo fisi," alisema. "Dereva, tangu lini mimi nikamwita Binti 'huyo fisi'?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikajisemea, mji umeshambadilisha bosi. Lakini namba ni yako, na amri ni yako. Daktari akafunga sanduku lake." Alifuta uso kwa kiganja. "Njiani nilikuwa nimewasha redio yetu ya kupokea mawimbi. Gari likiruka mashimo, kola inalia ule mlio wa taratibu, kama Binti anatembea. Nikaizima. Sikuweza, dada."

Kola zile zilikuwa na milio miwili. Mnyama akitembea, mlio ni wa taratibu. Akilala bila kujitikisa kwa muda mrefu mno, mlio hubadilika ukawa wa haraka, nao watafiti huuita mlio wa msiba.

Bibi harusi alichukua simu yake.

"Njoo kwa Shangazi," alisema.

"Mpenzi, kuna nini? Niko na Mama, tunapokea maua."

"Njoo naye."

Walifika. Mfamasia aliingia akitabasamu, amenyolewa vizuri. Tabasamu likamfia usoni alipoiona kola mezani.

"Ulimwandikia nini Dereva?"

Mfamasia alimtazama Dereva, kisha Mama yake.

"Nakuuliza."

"Nilidhani ni jambo linaloweza kusubiri."

"Wewe ni mfamasia! Mtu akija dukani kwako akakwambia hawezi kumeza, unamwambia asubiri mpaka harusi ipite?"

"Ningekuonyesha ujumbe ungeondoka saa ile ile!" alisema, sauti ikipanda. "Mvua ikinyesha ile barabara inafungwa, na wewe usingerudi. Nakufahamu. Niliogopa. Nikaandika, nikafuta. Nilitaka siku moja tu katika maisha yangu nisishindwe na mnyama."

"Na nilipokuuliza usoni?"

"Nilikuwa nimeshaandika. Ningesemaje?"

Mama mkwe alijishika kiuno.

"Jamani, watu waachane kwa sababu ya fisi? Kesho tutawaambia nini wageni?"

"Waambie kweli, mama," alisema Shangazi, bila kuacha kufuta sahani aliyoishika. "Waambie mwanao alikaa kwenye kiti cha mtu, akatoa amri kwa jina la mtu."

"Shangazi, mimi nampenda," alisema mfamasia.

"Hilo sikukatalii, baba. Ndilo linaloniuma."

Hakuna aliyekula mchana ule. Bibi harusi alivaa viatu vyake vya porini, akaiweka kola begini, akaenda ofisi ya wanyamapori. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Yeye ndiye aliyekipitisha kibali kile mbele ya wakubwa waliokipinga.

"Nani aliyemvisha kola mnyama ambaye bado anakua?" aliuliza.

"Mimi."

"Hukuonywa?"

"Nilionywa. Nilisema nitarudi kuilegeza kabla ya mvua."

"Ukarudi?"

"Nilikwenda kupimwa gauni."

Mlango ukafunguliwa. Mfamasia aliingia akihema, shati limetoka kwenye suruali.

"Mheshimiwa, kosa ni langu. Walimwita, mimi ndiye niliyewajibu. Niadhibiwe mimi."

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani.

"Kijana, umesema kweli, na nakushukuru kwa hilo. Ila laiti ungeisema wiki hii ilipoanza. Kibali hiki hakina jina lako, kwa hiyo sina cha kukunyang'anya." Akamgeukia bibi harusi. "Wewe ninacho. Kibali chako nimekifuta. Fisi waliosalia wote wavuliwe kola, na kambi ifungwe."

"Naweza kuomba tena, mama? Hata baada ya miaka?"

"Kuomba unaweza. Nikiwa hapa, sitatia sahihi. Nilikutetea mbele ya watu waliosema wewe ni mwenye pupa. Leo nitawajibu nini?"

Bibi harusi alilibeba begi lake. Alitoka, akapita katikati ya ukumbi uliojaa picha za wanyama, wala hakumtazama hata mmoja.

Harusi haikufungwa. Viti vya kukodi vilirudishwa kama vilivyokuja, na gauni likabaki kwa fundi, pini zikiwa bado shingoni.

Siku chache baadaye, alasiri, mfamasia alimkuta mchumba wake barazani kwa Shangazi. Alikuwa amepakata kola, akiitikisa taratibu kama mama anayebembeleza mtoto. Redio ya kambini, ambayo Dereva alikuja kuikabidhi pamoja na vifaa vingine, ilikuwa mezani ikitoa mlio wa taratibu.

"Umekonda," alisema mfamasia.

"Kaa."

"Nimekwenda tena kwa mkurugenzi. Nimeandika maelezo, nimepeleka. Nitakwenda kila wiki mpaka anichoke."

"Ameshakuchoka. Alinipigia."

"Basi niambie nifanye nini. Niuze duka? Tuhamie huko porini? Nitahamia. Nitalala nje, siyo garini."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, mdomo wake ulikaribia kucheka. Haukufika.

"Ungenionyesha ule ujumbe," alisema, "ningepiga simu moja. Moja tu. Ningemwambia daktari ampige sindano, nami ningebaki. Ningefunga harusi nawe siku ile ile tuliyopanga."

Mfamasia alifunika uso.

"Hukunijua," akaendelea. "Ulidhani ni lazima nifungwe ndipo nikae."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mimi pia nilimfunga Binti kwa kumtaka mno. Nilitaka awe wangu kabla hajawa mkubwa."

Aliacha kuitikisa kola. Aliilaza mezani, kando ya redio, akaondoa mikono yake.

"Tusikilize," alisema.

Walikaa. Shangazi alileta chai, ikapoa. Jua lilihama kutoka sakafuni likapanda ukutani. Mlio uliendelea taratibu, taratibu, kama hatua za mtu asiye na wasiwasi, mpaka mfamasia akaanza kuuzoea. Ndipo ukabadilika. Ukawa wa haraka, usiopumzika.

"Imeharibika?" aliuliza, ingawa uso wake ulionyesha anajua.

"Hapana. Ndivyo ilivyokuwa ikilia kule korongoni, kabla Dereva hajaibeba."

Alivua pete, akaiweka kiganjani mwake mfamasia, akamkunja vidole kimoja kimoja kama mfamasia mwenyewe alivyozoea kuwafanyia wagonjwa wazee anapowapa vidonge.

"Ukitoka, funga geti. Komeo lake halishiki, lisukume kwa nguvu."

Aliondoka. Geti lilisukumwa, likashika.

"Mwanangu," aliita Shangazi kutoka jikoni, "hicho kitu hakizimwi?"

"Kinazimwa, Shangazi. Kina sumaku yake. Ukiigusisha tu, kinanyamaza."

"Sasa iko wapi hiyo sumaku?"

Ilikuwa mkononi mwake, imepata joto la kiganja. Akaishika hivyo hivyo, akaiacha kola ilie.