Kona Isiyo na Jina

Kiti kilikuwa cha moto.

Mchoraji alikuwa wa kwanza kufika Jumatatu ile. Yeye ndiye aliyefungua mlango, yeye ndiye aliyewasha taa. Lakini alipokaa kwenye meza yake ya dirishani, kiti kilimpokea kwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akasimama. Akakipapasa. Pua yake ikanasa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

"Ni jua," akajiambia, ingawa mapazia yalikuwa bado yamefungwa.

Miaka sita alikuwa katika kampuni hii ya matangazo, na miaka sita kazi tamu zilimpita kama sinia lisilomfikia aliyekaa nyuma. Tamasha la muziki, wakapewa wengine. Manukato, wengine. Yeye fungu lake lilikuwa lebo za sumu ya panya na stika za "Usiegemee Mlango."

"Mvumilivu hula mbivu," Mwandishi, rafiki yake wa meza ya jirani, mtunzi wa maneno ya matangazo, humwambia.

"Mbivu zimeliwa na popo," yeye humjibu.

Kisha ikaja kazi ya ndege. Shirika jipya la ndege lilitaka picha moja ya kuchorwa ubavuni mwa ndege zake zote. Mchoraji aliitaka kazi hiyo mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Alitaka siku moja ainue kichwa barabarani aseme: ile kule juu ni yangu.

Ofisini kila mchoro ulibandikwa ukutani, na jina la aliyeuchora likaandikwa kwenye kona ya chini. Miaka sita Mchoraji alikuwa akiyatazama macho ya Bosi yanavyotembea: kona kwanza, picha baadaye. Yakikuta jina lake, hayapandi juu. Basi Ijumaa alibandika mchoro wake wa kazi hiyo, korongo aliyepinda shingo kana kwamba anasikiliza upepo, akaiacha kona tupu.

Mwandishi aliona. "Dada, andika jina, hata kwa penseli. Mzee aliyeanzisha ofisi hii alikuwa akizichana kazi zisizo na jina. Alisema kazi ikikosa mwenyewe, itajitafutia."

"Itampata nani? Panya? Hao ninao tayari."

Wakacheka wote wawili.

Jumatatu hiyo, saa nne, Bosi alipita mbele ya ukuta, mikono mgongoni. Penye korongo akasimama. Akatafuta kona, hakuona kitu. Kwa mara ya kwanza macho yake yakapanda.

"Huyu," akasema polepole. "Huyu hapa ndiye. Kazi ya nani?"

Mchoraji akafungua mdomo. Koo lake likajaa ladha ya majivu. Na kutoka nyuma, upande wa meza yake ya dirishani, sauti laini ikajibu:

"Yangu."

Hakuna aliyegeuka isipokuwa yeye. Kiti chake kilikuwa kitupu, kikizunguka taratibu.

"Hongera sana," Bosi akakiambia kiti, akitabasamu. "Nilijua tu ni wewe."

"Ni yangu mimi, Bosi! Nimeichora mimi!"

Bosi akamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. "Bibie, wewe si una sumu ya panya? Kila mtu ashike lake."

Jioni alikwenda moja kwa moja kwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake, mwanamke aliyewahi kuyatoa majini katika nyumba za watu. Shangazi alimsikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo uliacha mlango wazi, ukashangaa kapita mpita njia?"

"Sikujua, Shangazi."

"Kitu hicho kimechukua kazi, lakini hakikuja kwa sababu ya kazi. Kimekuja kwa sababu ya jina. Nenda kesho, andika jina lako kwenye kona ile kwa mkono wako, na mtu anayekufahamu akuite kwa sauti. Kitatoka. Usichelewe, mwanangu. Kila siku kitakapokaa kwenye kiti chako, wewe utapungua."

Asubuhi alimvuta Mwandishi mpaka ukutani, akashika kalamu.

"Niite jina langu," akanong'ona.

"Vipi tena, dada?"

"Si dada. Jina. Liseme kwa nguvu."

Mwandishi alicheka, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo mpaka macho yake yakajaa machozi. "Miaka sita," akasema kwa sauti ya chini. "Miaka sita nakaa nawe. Mungu wangu, nalijua, nalijua…"

Mchoraji akageukia kona ile ili aandike mwenyewe, na kalamu ikagusa karatasi, na mkono ukangoja, na yeye akangoja, akapekua kichwani kama anayepekua mkoba gizani, akapita sauti ya mama akimwita kutoka jikoni na ya mwalimu akiita mahudhurio, na kila alipofika mahali pa jina alikuta joto tu, joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na harufu ya majivu yaliyolowa.

Akapiga simu.

"Shangazi! Niite jina langu, Shangazi, upesi!"

Ikaja sauti ya Shangazi, ya adabu, kama ya kumjibu mgeni. "Samahani, mama, nadhani umekosea namba."

"Ni mimi! Mpwa wako, mchoraji!"

"Mpwa wangu yuko hapa nami tunakunywa chai. Kaja kunishukuru. Amepata kazi ya ndege."

Na nyuma ya Shangazi, karibu sana na simu, Mchoraji akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza kwa upole:

"Ni nani huyo, Shangazi?"

Wiki iliyofuata ofisi iliajiri msichana wa lebo za sumu ya panya. Wakampa meza ya dirishani, ambayo sasa haikuwa na mtu. Alikaa, akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Jamani, nani alikuwa amekaa hapa? Kiti cha moto!"

"Ni jua," akasema Mwandishi bila kuinua kichwa, ingawa nje mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Hakujua kwa nini machozi yalikuwa yakimtoka.