Fundi na Kifua cha Mwanawe

"Huyu binti yangu? Mwaka na nusu, hajui kikohozi!" fundi cherehani alijipiga kifua. "Amerithi kwa baba."

"Baba huyo ana mafua," alisema mkewe, akishona kifungo cha shati. "Umeshampigia chafya usoni, sasa unambusu!"

"Mafua ya mtu mzima ni kitu gani?"

Janga la korona lilikuwa limepungua. Barakoa zilizobaki fundi alizigeuza mifuko ya suruali. Ndoo ya kunawia ikajaa vipande vya vitambaa.

Siku ya nne mtoto alikohoa. Kesho yake akawa anahema mbiombio. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi, na ziwa akalikataa.

"Tumchemshie kitu kwanza," fundi akasema.

"Uchemshe akili yako!" Mkewe alimkumbatia mtoto, akashika njia ya hospitali.

Wodi ilifurika, watoto wawili kitanda kimoja. Muuguzi alimwekea mtoto mpira wa oksijeni puani. Fundi akawaka moto.

"Mwanangu hajawahi kuugua! Na vitanda viko wapi?"

Muuguzi alimgeukia. "Baba, wakati wa janga vitanda hivi vilikuwa vitupu. Natandika shuka, halilaliwi. Unajua kwa nini? Watu walivaa barakoa. Walinawa mikono. Mwenye mafua alibaki kwake. Tulikuwa tunazuia korona, na virusi vya kifua vya watoto navyo vikakosa njia. Halafu mmetupa yote kwa mpigo! Watoto ambao hawajawahi kukutana na virusi hivi wanaugua kwa pamoja. Leo unanifokea mimi?"

Fundi alirudi nyuma, akampisha mkewe karibu na kitanda.

"Lakini mmefanya vizuri kumleta mapema," muuguzi alimwambia mama. "Mtoto akihema haraka, mbavu zikibonyea, akikataa kunyonya, msingoje hata saa moja."

Siku ya tano wodini mtoto alinyonya mpaka akasinzia. Wakarudi nyumbani. Ndoo ikawekwa mlangoni, na sabuni. Mwenye mafua alivaa barakoa, wala hakumgusa mtoto. Miezi ikapita bila hospitali.

Sasa fundi ndiye mhubiri wa kibanda chake cha kushonea.

"Watu wazima hawana haya!" aliwafokea wateja. "Wanawapigia watoto chafya! Aliyemwambukiza mwanangu nilimwona. Sura yake naijua!"

"Hata mimi naijua," alisema mkewe, bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo. "Kila asubuhi unainyoa ndevu."