Jina Chini ya Maporomoko ya Lofoi

— Andika Constance, Floribert alinong'ona. Constance tu, basi.

Alitaka mchumba wake atie sahihi chini ya picha kwa jina la ubatizo. Mujinga alichovya brashi kwenye kikombe cha maji, akaendelea kupaka kijani cha msitu kandokando ya maporomoko ya Lofoi. Nyuma yake alisimama mama wa Floribert, Maman Laurentine. Picha ilikuwa zawadi kwake, na furaha ilimjaa tele, maana kwao ni Lukafu, karibu na maporomoko hayo.

— Lakini mayi haujaipaka, mutoto wangu. Iko mweupe tu!

— Mayi njo karatasi yenyewe, Maman. Pa mayi tunaachaka bila rangi.

— Eh! Na Lofoi uliijulia wapi?

— Nilizalikwa Lukafu. Baba alifundishaka kule.

— Mutoto wa Katanga kabisa!

Floribert alitokwa jasho. Tangu Katanga ijitangaze nchi, Wakasai wa Elisabethville, wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai, walifukuzwa kazini, wengine wakakimbilia kambi ya wakimbizi. Kwa woga, alimdanganya mama yake kwamba mchumba wake ni mtu wa kaskazini mwa Katanga. Mujinga alikuwa amechoka kufichwa kama kitu cha wizi. Akashika brashi nyembamba, akaandika kwa herufi kubwa: MUJINGA.

Maman Laurentine alisoma, akarudia.

— Iyo ni jina ya Kasai!

— Ni yangu, Maman. Wazazi wangu ni ba Kasai.

— Kumbe mujinga ni miye!

Akanyakua kikombe, akaimwagia picha yale maji machafu. Msitu, mwamba na jina vikachuruzika hadi sakafuni.

Moyo ulimuuma Mujinga, lakini chozi hakulitoa ng'o.

— Nitachora ingine, Maman. Na jina nitaandika kubwa zaidi.

Akamgeukia Floribert.

— Na weye? Miye bibi yako ninaitwa nani? Sema apa, mama asikie.

Floribert akainua sauti, yeye ambaye mbele ya mama yake hakuwahi hata kukohoa.

— Anaitwa Mujinga! Dimanche, pa misa, padri atasoma ile jina mu kanisa na kutangaza ndoa yetu. Kama haupendi, Maman, uzibe masikio.

— Ukipita pa ule mulango, usirudi tena apa!

— Basi, tunapita.

Nje majirani walishajaa, masikio wazi. Mmoja akauliza:

— Floribert, uyu mwanamuke ni wa wapi?

Mujinga hakumngoja ajibu.

— Miye Mukasai, nilizalikwa Lukafu. Na uyu njo bwana yangu!