Mafuta ya Alizeti Ndani ya Magazini

Kila Ijumaa, kengele ya mwisho ilipolia, Eveline alipita njia ileile. Alikata nyuma ya uwanja wa shule, akavuka reli, akapita penye mashine ya kukamua alizeti, kisha akaingia katika ofisi ya kampuni ya ulinzi alikofanya kazi mama yake, Feliciana. Hapo alikaa kwenye benchi la mlangoni mpaka saa kumi na moja, mama atoke, wafuatane nyumbani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kukaa kimya ndiyo kazi iliyomshinda kuliko zote. Miguu yake ilichezacheza. Akiizuia miguu, vidole vilianza kuchokonoa misumari ya benchi.

Hatua tatu mbele ya benchi hilo palikuwa na mstari mweupe uliopakwa rangi sakafuni. Ng'ambo ya mstari kulikuwa na meza ndefu, na nyuma ya meza kabati la chuma la silaha. Mtunza silaha alikuwa Mzee Hosea, mwanajeshi mstaafu mwenye miwani mizito na sauti ndogo. Siku ya kwanza Eveline alipofika pale, mzee alimwonyesha mstari kwa ncha ya kiatu.

"Mjukuu wangu, macho yako yanaruhusiwa kuvuka hapa. Miguu yako hapana."

Ijumaa ilikuwa siku ya usafi. Mlinzi alikabidhi bastola, Mzee Hosea akahakikisha haina risasi, kwa jicho kwanza, kwa kidole baadaye, kisha akaifungia kabatini. Risasi nazo zilihesabiwa na kufungiwa kwenye sanduku lake. Ufunguo ulipozungushwa ndipo walinzi waliporuhusiwa kugusa magazini, vile visanduku vyembamba vya chuma vinavyobeba risasi ndani ya mpini wa bastola. Juu ya meza hapakubaki risasi hata moja.

Eveline alikuwa ameitazama kazi hiyo mara nyingi mno. Mama alivaa miwani ya kukinga macho, akageuza magazini chini juu, akabonyeza kitufe kidogo kwenye kitako chake, akakisogeza kitako polepole huku dole gumba limeziba tundu. Dole gumba ndilo lililokuwa na kazi kubwa, kwa sababu springi iliyobanwa ndani ikiachiwa ghafla huruka na kumpiga mtu usoni. Baada ya springi kilitoka kisukumio, kile kipande kinachozipandisha risasi juu. Vyote vililazwa juu ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Mama alipitisha brashi kavu ndani ya kisanduku, akakagua midomo yake ya juu kama haina ufa wala haijapinda, akaifuta springi kwa kitambaa, kisha akavirudisha.

Matatizo yalianza Ijumaa moja ya mwezi wa tano. Siku zile manyunyu yalikuwa hayakatiki asubuhi, na msimamizi aliyekuja kukagua aliinua springi ya mama hadi kwenye taa.

"Kutu, Feliciana."

"Ni kweli, afande. Nilinyeshewa juzi, nikachelewa kuikausha."

"Nikiiona tena, utarudi kulinda geti. Wa kusindikiza magari sitakosa."

Mlinzi mwenzake, Shedrack, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, alisema kwa kunong'ona kwa namna ya kusikika na wote, "Mama Eveline amepanda springi kwenye bustani, anangoja ichipue."

Walinzi wakacheka. Mama naye akatabasamu kidogo, lakini Eveline aliyaona masikio yake yakibadilika rangi.

Ijumaa iliyofuata Eveline alifika na chupa ya mafuta ya alizeti kwenye begi, maana bibi yake, Beatrisi, alikuwa amemtuma ayapitie mashineni. Yalikuwa mafuta mapya, ya rangi ya dhahabu, bado yana uvuguvugu. Mama alikuwa amekwisha kuifungua magazini yake, namba saba, akaanza kuifuta, akailaza kitambaani, mara msimamizi akamwita ofisini. Shedrack alikuwa amekwenda kunawa. Punde gari likapiga honi nje, Mzee Hosea akachukua daftari, akatoka kwenda kulipokea.

Springi ilikuwa pale juu ya kitambaa, na juu yake Eveline aliona kidoa kimoja cha kahawia, kidogo kama chembe ya ulezi.

Nyumbani kwao mafuta ya alizeti yalitibu kila kitu. Bibi aliyapaka kwenye bawaba za mlango, kwenye cherehani, kwenye kufuli la banda la kuku. Eveline hakufikiri zaidi ya hapo. Alivuka mstari, akachovya kidole kwenye chupa, akaipaka springi yote. Akachovya tena, akapaka ndani ya kisanduku hadi kidole kilipogota. Alirudi kwenye benchi kabla ya honi ya pili.

Mama aliporudi aliifunga magazini haraka, kwa kuwa alikuwa ameletewa habari: Jumatatu angehamia Njombe kwa majuma mawili kusindikiza gari la mishahara ya vibarua wa mashamba. Mng'aro wa springi aliudhani ni kazi ya kitambaa chake mwenyewe. Kwa kawaida Mzee Hosea alimulika kila magazini kwa tochi kabla ya kufungwa. Siku hiyo dereva alikuwa anamngoja, naye alitupa jicho mara moja tu wakati mama akiifunga.

"Inang'aa. Vizuri," akasema, akatia sahihi.

Eveline alitembea kwenda nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyefanya wema wa siri.

Mama aliondoka, na Eveline akabaki na bibi. Jumamosi iliyofuata bibi alimwambia alete chupa ya zamani ya mafuta iliyokuwa imesahaulika juu ya kabati. Eveline aliishika, na vidole vikanata. Kuzunguka shingo ya chupa palikuwa na utando wa kahawia, mgumu kiasi, unaovutika kama utomvu wa msonobari. Kifuniko kiligoma kabisa kufunguka.

"Bibi, hii chupa imepakwa gundi?"

"Gundi ya nini? Ndivyo yalivyo mafuta ya alizeti. Yakiachwa na hewa, yakapigwa na vumbi, yanakuwa hivyo. Lete kitambaa na maji ya moto."

"Na ile cherehani unayoipaka?"

"Ile naifuta kila juma. Nisipoifuta inakaba, sindano haishuki." Bibi alimtazama. "Mbona umesimama? Maji ya moto nimesema."

Eveline alileta maji, akamwaga nusu yake sakafuni. Akilini alikuwa akiiona springi ndani ya kisanduku chembamba, gizani, siku ya nane sasa, hakuna aliyeifuta. Walinzi waliokuwa safarini hawakufungua magazini. Walisubiri warudi kwa Mzee Hosea.

Saa moja jioni mama alipiga simu kwa bibi kama kawaida, na Eveline akapewa azungumze.

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, kesho unakwenda na gari?"

"Kesho Jumapili. Keshokutwa alfajiri, tunakwenda Wanging'ombe. Kwa nini?"

Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Kisha akamkumbuka msimamizi na lile geti. "Hamna kitu," akasema.

"Eveline, kuna nini?"

"Hamna kitu, mama. Baridi tu."

Usiku huo aligeuka kitandani mpaka bibi akamuuliza kama kuna viroboto. Hesabu yake ilikuwa fupi na haikumpa nafasi ya kujificha. Akisema, mama anaweza kuondolewa kwenye kazi ya kusindikiza. Asiposema, mama atakuwa barabarani na kifaa ambacho huenda hakitafanya kazi siku kitakapohitajika, na mtu pekee anayejua ni yeye.

Ibada ya Jumapili ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuhudhuria. Baada ya ibada waumini walitoka nje kwenye mnada wa matoleo: mahindi, maboga, parachichi, kuku. Mzee Hosea alikuwa mbele, akishindania kuku jike mwekundu na mwanamke wa kwaya.

"Kamwene, babu," Eveline akasema nyuma ya kiwiko chake.

"Kamwene, mjukuu wangu. Ngoja kidogo, huyu kuku ananihusu."

"Babu, nilivuka mstari."

Mzee Hosea aliteremsha mkono aliokuwa ameuinua. Kuku akaenda kwa mwanamke wa kwaya. Mzee akamwongoza Eveline hadi kando ya ukuta wa kanisa.

"Sema yote. Anza mwanzo, usiruke."

Eveline alisema yote, na kile kidoa, na kidole, na mara ngapi alichovya. Mzee hakumkatiza. Aliuliza maswali mawili tu: "Mafuta gani?" na "Ndani ya kisanduku pia?" Kisha akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Na mimi nikasema inang'aa," akasema polepole, kama anayejisomea.

Alizungumza na bibi Beatrisi, akapiga simu Njombe, akapitia ofisini kuchukua magazini ya akiba, na saa nane mchana yeye na Eveline walikuwa ndani ya gari la kampuni. Eveline alihesabu vijiji hadi akapoteza hesabu. Mara mbili alifungua kinywa kuomba warudi.

Ofisi ya Njombe nayo ilikuwa na meza, kabati, na mstari, ila huu ulikuwa wa manjano. Mama alikuwa amesimama ng'ambo. Alikuwa amekwisha ambiwa. Hakumsalimia Eveline, wala hakumgombeza.

Bastola ilikaguliwa, ikafungiwa. Risasi zilitolewa moja moja kwenye magazini namba saba, zikahesabiwa, zikafungiwa pia. Mzee Hosea alitoa mfukoni risasi bandia sita, za plastiki nyekundu, zisizo na baruti, ambazo hutumika kufundishia. Akazijaza, kisha akaanza kuzisukuma nje kwa dole gumba. Ya kwanza ikatoka, ya pili ikapanda juu mahali pake. Akaitoa ya pili, ya tatu ikapanda kwa kujivuta. Akaitoa ya tatu, na ya nne haikuja. Ilibaki chini, imelala upande. Mzee aliigonga magazini kwenye kiganja, ndipo ikapanda.

Mama aliketi.

"Ifungue, Feliciana," akasema Mzee Hosea. "Taratibu kama siku zote."

Mama alivaa miwani, akabonyeza kitufe, akakisogeza kitako huku dole gumba limeziba. Springi ilitoka ikivuta nyuzi za kahawia. Kisukumio kilikuwa na ukoko pembeni, na vumbi la barabara limenasa humo kama nzi kwenye asali. Ilichukua nusu saa, brashi, vitambaa vinne na dawa ya kusafishia, mpaka kisanduku kikawa kikavu tena. Springi ilifutwa kwa kitambaa kilichoguswa tu na mafuta ya silaha, kisha ikafutwa tena kwa kitambaa kikavu.

"Ndani ya magazini panataka ukavu," mzee alimwambia Eveline, ambaye vidole vyake vya miguu viligusa mstari wa manjano bila kuuvuka. "Mafuta yakizidi, hata yawe ya silaha, hukusanya vumbi na huharibu risasi. Haya ya kupikia ni mabaya zaidi kwa sababu yanageuka gundi. Wewe uliona kidoa, lakini kidoa kile kingefutwa kwa kitambaa."

"Nilitaka mama asirudishwe getini."

Hapo mama akageuka. "Eveline, getini ningerudi nikiwa mzima. Jana nilikuuliza kuna nini. Mara mbili."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Benchi la Ijumaa umelipoteza mpaka muhula uishe. Utaningojea kwa bibi."

Mama alikabidhiwa magazini ya akiba kwa safari ya kesho. Namba saba ingerudi ofisini kwao Makambako kukaguliwa upya. Mzee Hosea akafungua daftari la makosa, lile ambalo msimamizi angelisoma. Eveline alinyoosha shingo, akitegemea kuona jina la mama, au lake mwenyewe. Mzee aliandika jina lake: Hosea. Chini yake akaandika kwamba aliacha meza ikiwa na vifaa bila mtu, na kwamba alitia sahihi bila kumulika ndani. Kisha akaandika mambo aliyoyafanya Eveline, na saa aliyoyaeleza kwa hiari yake. Jina la Feliciana aliliandika mwisho, pamoja na maelezo kwamba hakujua.

"Babu, watakufukuza?"

"Watauliza maswali, nami nitajibu." Alifunga kalamu. "Sikiliza, mjukuu wangu. Kitu kikiwa wazi mezani, kila mtu anaona hali yake. Kikishafungwa, kinachobaki ni neno la aliyekifunga. Mama yako anaingia barabarani akitegemea neno hilo. Langu lilikuwa la uongo kwa sababu ya haraka, na lako lilifichwa kwa sababu ya mapenzi, lakini springi haikujua tofauti. Silaha si kitu cha mtoto kugusa, hata ikiwa vipande, hata kwa nia njema. Na ukikosea, sema mapema, wakati kitu bado kinaweza kufunguliwa."

Jumatatu saa kumi jioni simu ya bibi iliita. Eveline aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Tumerudi salama," akasema mama. "Magazini nimeifuta nje na kuikausha. Wewe umefanya nini leo?"

Eveline alitazama mezani, pale chupa ya mafuta ya alizeti ilipokuwa imesimama, shingo yake imesuguliwa hadi ikalia.

"Nimekaa," akasema. "Na kuna kitu, mama. Nimevunja kikombe cha bibi."