Nyufa za Ukuta wa Zipora

Enzi za Mdachi, reli ilipokuwa inafika Nzuguni, wanawake waliamka mapema kusaga uwele kabla jua halijawa kali. Zipora alisaga huku akisinzia, hata akajibana kidole kwenye jiwe. Mwanawe Sila alikuwa hampi usingizi. Mtoto huyu aliachishwa ziwa wakati wa mavuno. Kama ilivyo desturi, alitolewa kitandani kwa mama yake, akalazwa chini juu ya ngozi ya ng'ombe. Tangu hapo kila usiku aliamka akilia na kujikuna, akalala kidogo, akaamka tena. Mchana alikuwa mnyonge, na uji hakuutaka.

Zipora hakuilaumu ngozi. Alimlaumu Mwanne.

Mwanne alikuwa mke wa Rajabu, aliyelaza mataruma ya reli. Mwanne mwenyewe alikulia kwenye kambi za misafara. Yotham, mume wa Zipora, aliwapa chumba cha pembeni katika tembe yake, ile nyumba ndefu ya udongo yenye paa bapa. Walihamia wakati uleule Sila alipoanza kulia. Zipora aliona hilo si bure.

Basi akaanza kumchunguza jirani yake. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Jioni moja alimwona Mwanne amepiga magoti, anachokonoa ukuta kwa kijiti. Alitoa kitu, akakitupa motoni, akasonya. Ni kitu gani kile, kama si unywele wa Sila? Tangu siku hiyo Zipora akaacha kumwamkia, ingawa Mwanne alimzidi umri. Shikamoo ilimkwama kooni.

Kisha akamficha mtoto. Alimlaza pembe ya ndani kabisa, kwenye giza, karibu na mbuzi, mgongo wake ukigusa ukuta. Alijisifu kwamba sasa jicho la mchawi halitamfikia. Maskini, hakujua alitendalo. Sila alizidi kulia, kisha akashikwa na homa.

Hapo Zipora akaishiwa subira. Alimwambia mumewe anakwenda kwa jumbe kumshitaki Mwanne kwa uchawi. Yotham alimwonya kwamba neno hilo likishatoka halirudi mdomoni, na Mwanne atafukuzwa yeye na watoto wake. Zipora akajibu kwamba Sila naye akifa harudi.

Alipotoka nje alimkuta Mwanne ukutani, ameshika kijiti na kigae cha chungu. Akamziba njia.

"Nionyeshe ulichokitoa," alisema.

Mwanne akanyoosha kigae. Juu yake palikuwa na mdudu wa kijivu, kama kupe, ametuna. Mwanne alimponda kwa kijiti. Ikatoka damu.

"Hiyo ni damu ya mwanangu," Zipora alisema.

"Huenda ni ya wako, huenda ni ya wangu. Lakini aliyeinywa ni huyu. Anaitwa papasi. Mchana anajificha kwenye nyufa za ukuta na sakafu. Usiku anatoka, anamuuma aliyelala, kisha anarudi zake. Kwenye misafara aliwaangusha wapagazi kwa homa. Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu. Chako kiko ukutani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia vipi, nawe hata salamu umeninyima?"

Zipora bado hakumwamini. Alichukua kile kijiti, akaenda mwenyewe kwenye pembe ya Sila na kuchokonoa ufa. Papasi wakaanguka, mmoja, kisha kundi zima. Alikuwa amemlaza mwanawe mlangoni pa adui. Aliona aibu, akalia.

Mwanne hakumcheka. Alisema homa ya papasi si ya kungojewa, mtoto apelekwe kwa daktari siku ileile. Yotham akambeba Sila hadi Dodoma, akapata dawa.

Aliporudi walifanya kazi wote. Walianika ngozi na nguo juani. Walikanda udongo, wakaziba nyufa na kusiriba sakafu. Mbuzi wakatolewa nje, wakajengewa boma la miiba. Yotham akamchongea mtoto kitanda cha miguu mirefu.

"Kisiguse ukuta," Mwanne alisema. "Papasi haruki. Anatambaa tu."

Asubuhi moja jua lilichomoza na nyumba ilikuwa kimya. Zipora alishtuka, akaacha jiwe lake, akakimbia ndani. Sila alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, tumbo likipanda na kushuka. Zipora akaenda kwa jirani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umelala?"

"Nimelala."

Mwaka uliofuata mtoto wa Ruthu, jirani wa ng'ambo ya korongo, alianza kulia usiku. Zipora alikwenda kwake, akapiga magoti, akachokonoa ukuta. Ruthu alisimama mlangoni amekunja mikono, anamtazama kwa jicho la pembeni. Zipora alilijua vizuri jicho lile. Akamnyooshea kigae kabla hajaulizwa.

"Njoo uone," alisema.